Kabla hujafungua kabureta, fungua kifuniko cha tenki

Pikipiki yangu, Honda CG125, niliipata kwa baba mdogo, tenki lina kutu na kiti kimeshonwa kwa kamba ya viatu. Cha kwanza nikaipendezesha: nikapiga msasa tenki pamoja na kifuniko chake, nikapuliza rangi nyekundu. Wiki hiyohiyo vituko vikaanza. Natoka Tanga mjini vizuri, nikikaribia Pongwe inakohoa mara mbili tatu, inazima. Napiga kiki mpaka goti linauma. Nakaa chini ya mwembe kama dakika kumi, nikirudi kiki moja tu, imewaka.

Fundi wa kwanza akasema kabureta, kile kifaa kinachochanganya mafuta na hewa. Akaifungua, akaisafisha, nikalipa. Ikazima palepale. Wa pili naye akasema kabureta, akaweka jeti (kile kitundu cha kupimia mafuta) kubwa zaidi. Nikalipa tena, na sasa ikawa inazima huku inakunywa mafuta na kutoa moshi mweusi. Safari iliyofuata, nilipolegeza kifuniko cha tenki nione kama mafuta yapo, kikavuta hewa: fyuuu. Nikapiga kiki, ikawaka hapohapo. Kile kitundu cha kifuniko kinachoingiza hewa nilikuwa nimekiziba mwenyewe kwa rangi! Mafuta yanaposhuka lazima hewa ichukue nafasi yake. Isipoingia, yanagoma kushuka. Pale chini ya mwembe hewa ilikuwa inapenya kidogo kidogo, ndiyo maana pikipiki ilikuwa inapona kivulini. Nilikizibua kwa sindano ya kushonea.

Sasa hivi pikipiki ikigoma naanza na plagi. Piga kiki kama kumi, uichomoe. Ikiwa kavu kabisa, mafuta hayafiki. Ikiwa imelowa, mafuta yamezidi au cheche hakuna, na hapo usiishike kabureta mpaka uione cheche kwa macho yako. Wakati wa kuitafuta cheche, weka plagi mbali na tundu lake na mbali na mafuta yoyote.

Plagi ikiwa kavu, fuata mafuta kuanzia juu. Chomoa mpira unaoingia kwenye kabureta, uelekeze kwenye chupa tupu, fungua koki. Yanatakiwa yatiririke mfululizo. Yakidondoka tone tone, fungua kifuniko cha tenki ulinganishe. Bado ni tone tone? Shida ipo kwenye koki au chujio lake, na kwa tenki la zamani mara nyingi utakuta unga wa kutu umejaa. Ndiyo sababu resavu, yale mafuta ya akiba, huwa inaleta balaa: inanyonya chini kabisa, kwenye takataka zote.

Halafu legeza skrubu ya kumwagia iliyo chini ya kabureta, uyakinge mafuta kwenye chupa inayoonyesha ndani. Maji ni mazito kuliko petroli, utayaona yamekaa chini kama shanga. Sisi tunaokwenda vijijini tunanunua mafuta ya chupa kando ya barabara, na hiyo chupa jana ilikuwa na maji. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kutia vinasaba (alama maalumu ya kutambulisha mafuta halali) kwenye mafuta mwaka 2010 ili kuwabana wachakachuaji, lakini kinasaba hakizuii maji ya chupa ya mama muuza.

Hayo yote yakiwa sawa, ndipo fungua kabureta. Dalili zinasema ufungue nini. Ikiwa inawaka kwa choki tu, ukiirudisha inazima, lakini ukivuta mafuta inakwenda vizuri, jeti ndogo imeziba. Usiichokonoe kwa waya wa chuma. Jeti ni shaba nyeupe, laini, ukilipanua tundu hata kidogo umenunua jeti mpya. Mimi natumia mshipi mwembamba wa kuvulia, kisha naipuliza kwa pampu ya baiskeli. Kabla hujaitoa skrubu ya hewa, ikaze taratibu mpaka ikae huku ukihesabu mizunguko, uandike mkononi kama mtoto wa shule. Nilipuuza hilo mara moja, nikashinda jioni nzima nikibahatisha. Angalia pia ule mpira au kipande kinachounganisha kabureta na injini. Kikiwa na ufa kinavuta hewa ya pembeni, sailensa (mzunguko wa injini bila kuvuta mafuta) inapanda na kushuka yenyewe, na hakuna jeti itakayoitibu.

Kabureta ikivuja kwa kile kimpira cha chini, sindano ya floti, ile inayofunga mafuta kikombe cha kabureta kikijaa, haifungi. Gonga kikombe hicho polepole kwa mpini wa bisibisi. Kama ni uchafu utaachia. Ikirudia, toa sindano uitazame ncha. Ikiwa na mkunjo kama pete, imekwisha, badilisha.

Hapo usifanye mzaha. Mafuta yanayopita sindano usiku kucha yanaweza kuingia kwenye injini yakachanganyika na oili. Asubuhi chomoa kijiti cha oili unuse: kikinuka petroli au oili ikiwa imepanda kuliko jana, mwaga oili, weka mpya, usiiwashe kabla ya hapo. Na wengi wetu pikipiki zinalala sebuleni kwa kuogopa wezi. Funga koki kila jioni. Mke wangu ndiye aliyenifundisha hilo, usiku mmoja alipoamka kwa harufu ya petroli, akazima jiko la mkaa kwa ndoo nzima ya maji ya kuogea, kisha akanitoa mimi na pikipiki nje.