Kemia ya Kutia Dawa Maiti: Fuata Fomaldehaidi Inakoishia

Wanafunzi wanaokuja kujifunza kazi mezani kwangu mara nyingi hawaogopi maiti. Wanaogopa kemia. Wanafika na daftari lenye majina yaliyopangwa kama orodha ya mahudhurio: fomaldehaidi, glutaraldehaidi, fenoli, methanoli, gliserini, EDTA. Ukiwauliza nani anafanya kazi gani, kimya. Ushauri wangu ni kuacha kukariri orodha na kuanza na swali moja: fomaldehaidi hii ninayoiingiza, nani ataila kabla haijafika ninakoitaka?

Kwanza ujue unaitaka wapi. Protini za mwili zina vikundi vya amino, yaani vipande vyenye nitrojeni, hasa kwenye lisini, mojawapo ya asidi-amino zinazounda protini. Fomaldehaidi, CH2O, ndiyo ndogo kuliko aldehaidi zote. Hujishikiza kwenye nitrojeni ya kikundi hicho, kisha hushika na protini ya jirani, maji yanatoka, na kati ya protini hizo mbili linabaki daraja la kaboni moja. Madaraja yakiwa mengi, vimeng'enya vya mwili wenyewe vinakwama na bakteria wanakufa, kwa kuwa protini zao nazo zimefungwa. Ule ugumu unaousikia kidoleni ukibonyeza msuli baada ya dawa kupita ndiyo kazi ya madaraja hayo. Na kila daraja limemeza molekuli yake. Hairudi tena kwenye mzunguko ikafanye kazi kwingine.

Ndiyo maana hesabu ya dawa ni hesabu ya matumizi. Namba ya indeksi kwenye chupa inakwambia gramu za gesi ya fomaldehaidi zilizomo katika mililita 100 za dawa. Tuseme una dawa ya indeksi 25 na unataka lita 4 za mchanganyiko wa asilimia 2. Zidisha ujazo kwa nguvu unayoitaka, kisha gawa kwa indeksi: 4,000 mara 2, gawa kwa 25, unapata mililita 320. Maji ni mililita 3,680, si lita 4 kamili. Wengi hupoteza alama hapo kwa kumimina dawa juu ya tangi ambalo tayari limejaa.

Sasa tuje kwa walaji. Mkubwa wao ni amonia. Mtu akifariki figo zikiwa zimeshindwa kazi, tishu zake zimejaa urea na amonia. Molekuli 6 za fomaldehaidi zikikutana na 4 za amonia hutengeneza molekuli 1 ya heksamini na 6 za maji, na heksamini haikuhifadhii kitu. Mezani inaonekana hivi: mashine imepitisha dawa bila shida, rangi imesambaa usoni hadi kwenye kucha, mwanafunzi anaanza kuvua glavu. Bonyeza paja. Laini vilevile, kana kwamba hakuna kilichoingia. Rangi kwenye dawa inakuonyesha maji yalikofika, haikuonyeshi kama protini zimefungwa. Mimi naamini vidole kuliko rangi, na kesi ya figo naipangia mchanganyiko wenye nguvu zaidi kabla sijafungua mshipa. Mwili ulioanza kuoza una tatizo hilohilo, maana protini zinapovunjika hutoa amonia. Mwili uliovimba maji uko tofauti kidogo: hapo fomaldehaidi hailiwi, inazimuliwa na maji yaliyomo ndani, lakini njia ya kulitatua ni ileile, ongeza nguvu na punguza maji ya tangi.

Umanjano ndio unaowavuruga waliozoea kuongeza nguvu kila mahali. Bilirubini iliyoipa ngozi manjano ikioksidishwa hugeuka biliverdini, ambayo ni ya kijani, na dawa yenye fomaldehaidi nyingi husukuma mabadiliko hayo. Familia inamkuta mpendwa wao kijani usoni, na hakuna poda itakayokuokoa kirahisi. Usoni tumia dawa ya nguvu ndogo au ile iliyotengenezwa kwa kesi hizo, na ukubali kuwa hapo unapima mambo mawili yanayovutana: kuhifadhi na sura.

Wengine waliobaki kwenye daftari lako ni wasaidizi, na ukishaelewa hayo ya juu hawachukui hata jioni moja. Methanoli huzuia fomaldehaidi isijiunge yenyewe kwa yenyewe ikawa unga mweupe. Ukiuona umetuama chini ya chupa iliyokaa kwenye baridi, indeksi iliyoandikwa nje si ya kuaminika tena. EDTA na sitrati hukamata kalsiamu, iwe ya damu inayoganda au ya maji magumu ya bomba. Gliserini hushikilia unyevu, kwa sababu fomaldehaidi hukausha. Glutaraldehaidi ina ncha mbili za aldehaidi na haichagui sana kiwango cha asidi. Fomaldehaidi inachagua: kwenye asidi, vikundi vya amino vimebeba hidrojeni ya ziada na havishiki vizuri, na misuli ya maiti hujaa asidi ya laktiki saa za mwanzo. Hapo ndipo bafa inapoingia, yaani kemikali inayozuia kiwango cha asidi kisiyumbe.

Mlaji wa mwisho ni wewe. Fomaldehaidi haibagui protini ya aliye hai na ya marehemu, na mwaka 2004 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Usiipime kwa pua, pua inazoea haraka sana. Kivuta hewa kiwe karibu na meza na kivute mvuke kuupeleka mbali na uso wako. Kile cha darini kinaupitisha puani kwanza. Usichanganye dawa na jiki wala asidi ya haidrokloriki: fomaldehaidi na asidi hiyo vinaweza kuzaa bis-klorometili-etha, nayo ni sumu ya saratani. Ikimwagika sakafuni, toa watu, vaa kinyago chenye kichujio cha fomaldehaidi, si kile cha kitambaa, kisha mwaga dawa ya kuizima. Soma lebo yake: nyingi zina urea au amonia ndani, na sasa unajua kwa nini.