Tamasha la Mtaa Mchanganyiko: Gawa Kazi, Usigawe Jukwaa

Ukiitwa kwenye kikao cha kuandaa tamasha la mtaa hapa Dar es Salaam, haitapita nusu saa kabla mtu hajasema: "Kila kabila lipewe dakika kumi." Anayesema hivyo ana nia njema. Hataki mtu alalamike kwamba Wazaramo wamependelewa kwa kuwa ndio wenyeji, au kwamba Wamakonde wamewekwa mwisho giza likiingia. Nimeshiriki maandalizi ya matamasha ya aina hii huku Temeke kwa miaka mingi sasa, na ushauri wangu wa kwanza kwa anayetaka kuanza lake ni kulikataa wazo hilo mapema, kwa upole, kabla katibu hajaliandika kwenye muhtasari.

Mkigawa dakika, kila kikundi kitafanya mazoezi peke yake, kitakuja na watu wake, kitashangiliwa na watu wake, kisha kitabeba ngoma zake na kuondoka na watu wake. Jioni mtaa utakuwa umetazamana tu, bila kukutana. Na pesa zote mtakuwa mmezimalizia kwenye jukwaa na spika.

Gaweni kazi badala yake. Kikundi cha sindimba, ngoma ya Wamakonde, kikihitaji sare, zishonwe na akina mama wa taarab. Vijana wa singeli wapewe wiki tatu za kukaa na wapigaji wa mdundiko, ngoma ya Wazaramo, warekodi midundo yao kwa simu, wairudishe ikiwa wimbo mpya ambao wazee wenyewe wataupiga pamoja nao. Wachoraji wapake kuta pamoja na watoto wa mtaa, na mzee mwenye ukuta aulizwe anataka kuona nini kila akifungua dirisha. Kazi za namna hii ndizo zinazowaweka watu chumba kimoja kwa wiki kadhaa, na humo ndimo majina yanajulikana na namba za simu zinabadilishwa.

Sisemi hivi kwa nadharia. Mitaa yetu imechanganyika tangu ndani ya nyumba moja. Chukua nyumba ya Uswahilini ya vyumba sita: cha mbele mpangaji kutoka Kigoma, anayefuata dada wa Lindi na wanawe, kisha kijana wa Singida anayeendesha bodaboda, na uani mwenye nyumba Mndengereko aliyezaliwa hapohapo. Wanagawana koki moja ya maji na gharama ya umeme wa LUKU. Watu hawa wanajua kuishi pamoja kuliko mwandaaji yeyote wa tamasha, ila kwa kawaida hakuna aliyewahi kuwaomba watengeneze kitu pamoja.

Na sanaa zilizoipa Dar jina zilikuja hivyohivyo. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa Tunduru, akafanya kazi kwenye mashamba ya mkonge Tanga, kisha akaja hapa mjini na mwaka 1968 hivi akaanza kuchora wanyama na ndege kwenye vibao kwa rangi za mafuta za dukani. Alifariki mwaka 1972, lakini ndugu na wanafunzi wake waliendeleza, na leo mtindo wote unabeba jina lake. Remmy Ongala alizaliwa Kongo, akaja Dar mwaka 1978 kupiga muziki na Orchestra Makassy, baadaye akaongoza Super Matimila, na jiji likampenda hadi kituo cha daladala kikaitwa Sinza kwa Remmy. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuja mjini kuwakilisha kabila lake kwa dakika kumi.

Sasa nije kwenye mambo yanayoharibu siku.

La kwanza ni njia. Mdundiko ni ngoma ya kutembea: wapigaji wako mbele, watu wanatoka majumbani na kuifuata. Ukiipandisha jukwaani umeikata miguu. Kwa hiyo tamasha letu huanza kwa msafara, kama tamasha la muziki la Sauti za Busara kule Zanzibar linavyofunguliwa kwa msafara wa mitaani, na kazi ngumu kuliko zote ni kuamua upite wapi. Pitisheni msafara upande wa mtaa ambao watu wake hawaji kwenye vikao. Kwetu ni ule ulio ng'ambo ya mfereji, wenye wapangaji wengi wapya. Tangu ngoma ianze kupita kwao, wao ndio wanaojitolea wengi zaidi kubeba viti. Nairobi, kituo cha sanaa cha GoDown Arts Centre walipoanzisha tamasha la Nai Ni Who mwaka 2013 walielewa jambo hilihili: wakazi wenyewe ndio waliowatembeza wageni kwenye mitaa yao.

Wekeni pia njia ya pili, kwa sababu ya msiba. Mtaa wenye watu wengi haukosi matanga, na msiba hautoi taarifa. Asubuhi ya tamasha tunamtuma mjumbe mmoja apite njia nzima. Akikuta turubai la msiba, msafara unageuzwa. Ikiwa hakuna pa kugeukia, ngoma zinanyamaza hapo, watu wanapita kimya, na viongozi wa vikundi wanaingia kutoa pole na rambirambi. Familia zilizofanyiwa hivyo hazisahau. Iliyopigiwa ngoma mlangoni nayo haisahau.

La pili ni moto. Ngoma ya ngozi inataka kuoteshwa moto kabla ya kupigwa, la sivyo ngozi inalegea na sauti inakuwa nzito, haisikiki. Mpigaji anawasha nyasi kavu au karatasi, anaigeuzageuza ngoma juu ya mwali, anagonga kwa kidole, anasikiliza, anarudisha tena. Hii huchukua muda, na joto likishapotea ngoma inadai tena. Nimeona kikundi cha wazee kimeshaotesha ngoma zake vizuri, kisha mgeni rasmi akachelewa saa moja na nusu na ratiba nzima ikamsubiri. Walipoitwa, ngoma zilikuwa zimelegea, na mshereheshaji akawahimiza kwenye kipaza sauti wachangamke. Iliniuma sana. Siku hizi tunatenga kona ya moto karibu na uwanja, na mtu wa kuilinda watoto wasisogee, na ndoo ya mchanga pembeni. Kikundi kinaitwa ngoma zikiwa tayari. Mgeni rasmi akichelewa, atazikuta zinalia.

La tatu ni kuuliza kabla ya kupanga. Si kila kitu kizuri ni cha jukwaani. Mapiko, ngoma ya vinyago ya Wamakonde, kwa mfano, yametoka kwenye jando, na wazee wengi bado wanashika kwamba anayevaa kinyago hatakiwi kujulikana. Huwezi kumtangaza kwa jina, wala kumpeleka kubadilishia nguo kwenye chumba kilichojaa watu. Nendeni kwa mzee mwenyewe, mkae naye, mumuulize nini kionyeshwe na nini kibaki. Mara nyingi atakubali zaidi ya mlivyotarajia, kwa kuwa mmeuliza. Akikataa, jibu lake liheshimiwe bila kutafutiwa mzee mwingine. Kwa mambo ya unyago ndiyo kabisa: waulizeni makungwi, na mwanamume asiende kuuliza.

Halafu kuna utani, ambao sielewi kwa nini waandaaji wengi hawautumii. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara ya pwani na bara. Mngoni ana watani zake, Msukuma ana wake. Wape watani kipaza sauti mwanzoni kabisa, waamkiane kwa kejeli zao, na uwanja mzima utacheka pamoja. Hata kijana aliyezaliwa Mbagala asiyejua kilugha chake ataanza kumuuliza bibi yake kwa nini yule mama kamwita mtumwa wake na hakuna aliyekasirika. Ila apewe mtu mzima anayejua mipaka. Utani una adabu zake, na anayezijua hamvunjii mtu heshima mbele ya watoto wake.

Kuhusu vibali nitasema kwa kifupi. Anzeni kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na mtendaji, kisha afisa utamaduni wa manispaa, polisi, na Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA) kama tamasha ni la kutangazwa hadharani. Pelekeni barua mapema na mbaki na nakala zilizogongwa muhuri. Semeni saa ya kumaliza, na mmalize saa hiyo. Vigodoro, zile sherehe za mtaani za kukesha na muziki mkubwa, vimewachosha majirani wengi, na mkichelewesha spika hadi usiku mtahesabiwa kundi hilo. Ratiba ipangwe kwa kuangalia sala: spika zizimwe adhana ikianza, bila kusubiri mtu aje kuomba. Kama kuna kanisa jirani, Jumapili asubuhi msifunge mitambo. Masika msijaribu. Na wapigaji waulizeni tarehe kabla ya kuchapisha bango, maana vikundi vya ngoma na taarab vinaishi kwa harusi za wikiendi.

Pesa ndiyo inayovunja vikundi. Mkimkabidhi kiongozi wa kikundi malipo yote, hata akigawa kwa haki kabisa, maneno yatakuwepo. Sisi tunatumia akina mama wanaocheza upatu. Kila mtaa una kijumbe wake, mwanamke anayekusanya na kugawa pesa za mchezo, na ambaye wenzake wamemwamini kwa miaka bila mkataba wowote. Tunamwomba kijumbe akae mezani siku ya malipo, majina yasomwe kwa sauti, kila mchezaji apokee chake mkononi au kwenye simu hapohapo, aweke sahihi. Tangu tuanze utaratibu huu hatujasikia kikundi kilichogombana kwa ajili ya tamasha. Na lipeni kila mtu, wakiwemo wazee na watoto. "Nauli na soda" si malipo ya mtu aliyefanya mazoezi mwezi mzima.

Ufadhili msiutegemee wote. Sauti za Busara, tamasha lililoanza mwaka 2004 na linalojulikana Afrika nzima, halikufanyika mwaka 2016 kwa kukosa fedha, likarudi mwaka uliofuata. Kama kubwa hivyo linaweza kusimama, la mtaa lijengwe kwa vitu vya mtaa: turubai la umoja wa akina mama, umeme wa nyumba ya jirani mliyomnunulia yuniti, viti vya msikiti na vya kanisa, mama lishe watakaouza chakula na kuchangia kidogo. Mdhamini akija, mkaribisheni. Mmoja aliwahi kututaka tubadilishe sare za wachezaji ziwe fulana zenye nembo yake. Tulimwonyesha kanga zilizokwisha kushonwa na mikono iliyozishona, tukamwomba aweke bango lake kwenye uzio. Alikubali.

Tamasha likiisha, kesho yake fanyeni usafi na wiki hiyohiyo fanyeni kikao. Picha msiishie kuziweka mtandaoni. Wazee wengi waliocheza hawana simu ya kuzifungulia. Chapisheni kwenye karatasi, mpeleke nyumba kwa nyumba, na anayepeleka picha ya mpigaji wa mdundiko awe yule kijana wa singeli aliyefanya naye kazi. Akifika atakaribishwa ndani, na mara nyingi hapo ndipo mzee anapotaja midundo ambayo bado hamjairekodi.