Mkate wa nyama kwenye eafraya: nilivyoacha kupika tofali

Wiki iliyopita dada mmoja msomaji aliniandikia saa tano usiku. Hata salamu hakuanza nayo. "Dada nisaidie, mkate wangu wa nyama nje mweusi, ndani mbichi, na Jumapili ya wiki ijayo wakwe zangu wanakuja." Akaambatanisha na picha. Nikacheka, halafu nikanyamaza, maana picha ile naijua. Miaka miwili iliyopita ilikuwa mezani kwangu, hapa hapa Tabata, Idi Pili, mbele ya ukoo mzima wa mume wangu.

Eafraya, lile jiko la umeme linaloivisha kwa upepo wa moto, ilikuwa na siku nne tangu itoke Kariakoo. Nilishakaanga viazi, mabawa ya kuku na sambusa, nikajiona fundi. Nikasema mwaka huu wakwe hawali pilau peke yake, watakula mitilofu, ule mkate wa nyama wa Wamarekani niliokuwa nauona kila nikishika simu. Nikachukua kilo moja na nusu ya nyama ya kusaga, nikaishindilia kwenye bati la mkate mpaka juu, nikalisokomeza kwenye kikapu kwa nguvu, nyuzi 200, dakika 40. Dakika ya 25 harufu ilikuwa nzuri. Dakika ya 35 moshi ukaanza. Nikajipa moyo kwamba ndiyo kuiva kwenyewe.

Nikaupeleka mezani mzima, nimeuzungushia majani ya giligilani. Kisu kilipogusa juu kililia kama kinakwangua sufuria. Kilipozama, maji mekundu yakatiririka hadi kwenye kitambaa cheupe cha Idi. Wifi yangu mkubwa akainama, akautazama upande huu na upande ule, akasema: "Wifi, hili tofali la kuchoma mmelinunua wapi? Nje limeiva, ndani bado udongo."

Meza nzima ikaangua kicheko. Mume wangu naye. Nasema "naye" kwa sababu mpaka leo sijasahau, na yeye anajua. Mama mkwe hakucheka. Alisogeza sahani yake pembeni kwa kidole kimoja, taratibu, akaomba aongezewe pilau. Bora angecheka.

Sasa dada, kosa lako ndilo lilikuwa langu: umepika mkate mkubwa mno. Bibi zetu waliooka keki kwa sufuria waliweka makaa chini na makaa juu ya mfuniko. Eafraya ina moto wa juu tu, pamoja na feni inayousukuma upepo wa moto uzunguke chakula na upite kwenye matundu ya kikapu. Ukiingiza bati lililojaa kikapu kizima, njia yote ya upepo umeiziba. Inabaki koili nyekundu, sentimita chache juu ya nyama yako. Juu panaungua, katikati pako baridi. Hapo hata ungeongeza dakika mia, ungeongeza mkaa tu.

Kwa hiyo bati weka kando. Nusu kilo ya nyama igawe mara mbili, finyanga mikate miwili midogo kwa mikono, urefu wake kwenda juu usizidi upana wa vidole vitatu. Chini yake weka kipande cha karatasi ya foili chenye ukubwa wa mkate wenyewe, usitandike kikapu chote. Acha nafasi kati ya mkate na mkate, na kati ya mkate na ukuta. Nyuzi 180. Anza kuuangalia dakika ya 18. Familia kubwa? Pika awamu mbili. Najua utanidharau na awamu zangu mbili hizo, hata mimi nilidharau.

Majaribio yangu ya katikati nayaruka, yalikuwa mengi na watoto waliyala wakiwa wamenuna. Nitaje mawili tu. Moja nilinunua steki tupu, nyekundu, isiyo na hata uzi wa mafuta, nikadhani nyama ya ghali ndiyo nyama nzuri. Ukatoka mkavu, ukimeza unatafuta maji. Siku hizi namwambia wa buchani achanganye na mafuta, katika kila sehemu tano moja iwe mafuta, na asage mbele yangu. Anashangaa kila mara, maana wateja wengine wanamgombeza kwa hayo hayo mafuta.

La pili, nilikanda. Nilikanda kama unga wa chapati, dakika kumi nzima, na chumvi ndani. Ukawa raba. Nyama ya kusaga ikikutana na chumvi na kukandwa sana inashikana kama soseji, ndivyo soseji zinavyotengenezwa, lakini hapa hutaki soseji. Changanya kwa vidole vilivyotawanyika, ukiona vitu vimeonana, acha.

Na mkate wa slesi wa kuchanganya na nyama usiuache, dada. Wengi wanaufikiria kama kijazio cha mtu asiye na hela. Ni kweli ulitumika hivyo: Wamarekani walikula sana mkate wa nyama wakati wa mdororo mkuu wa uchumi wa miaka ya 1930, nyama kidogo ikiongezewa mkate ili itoshe watu wengi. Kwetu tunaongeza maji kwenye mchuzi, mgeni akiingia bila taarifa. Lakini ule mkate una kazi nyingine. Ukiuloweka kwenye maziwa ukawa uji, unashika majimaji na kuzuia nyama isijikaze. Slesi mbili za juzi, toa kingo, robo kikombe cha maziwa, yai moja, kijiko kimoja cha chai cha chumvi, pilipili manga, kitunguu saumu. Kitunguu maji kikaange kwanza kwa mafuta kidogo, kibichi kinatoa maji na kuupasua mkate. Mapishi mengi ya Kimarekani yanachanganya nyama ya ng'ombe na ya nguruwe. Kwangu ni ng'ombe tu, na haijapungukiwa na kitu.

Juu wao wanapaka tomato sosi iliyochanganywa na sukari ya kahawia na siki. Mimi natumia sukari guru, na mahali pa siki naweka ukwaju mzito. Ila upake dakika tano za mwisho. Mimi siku ya Idi nilipaka mwanzoni, na sukari chini ya ile koili haina subira. Weusi wote ule uliokuwa unachekwa mezani ulikuwa sukari.

Kitu kilichoniokoa kabisa ni kipimajoto cha nyama, kale kenye sindano. Nilikinunua baada ya kulia, siyo kabla. Kwenye steki vijidudu viko juu, moto ukipita vinakufa. Ukisaga, vile vya juu unavichanganya hadi katikati. Ndiyo maana nyama ya kusaga haina mambo ya "wekundu kidogo ndani ni utamu". Choma sindano katikati, isome nyuzi 71 za Selsiasi. Ikisoma 65, paka sosi yako, rudisha. Ikisoma 71, toa, acha itulie dakika kumi. Usikate. Hata kama wageni wanakuangalia, usikate. Ukikata mapema majimaji yote yanahamia kwenye sahani.

Umeme nao. Siku moja ulikatika dakika ya 12, mkate uko nusu. Usiuache pale ukisubiri urudi, nyama ya vuguvugu siyo ya kuchezea. Niliuhamishia kwenye sufuria, makaa chini kidogo, makaa juu ya mfuniko mengi zaidi. Ukaiva vizuri kuliko niliotoa kwenye mashine wiki ile, na mama yangu mzazi alifurahi kupita kiasi kwa hilo. Kuhusu luku msiogope: eafraya yangu ni ya wati 1,500, hata dakika 40 haizidi uniti moja.

Niseme lingine, najua siyo la jikoni. Tunanunua vyombo ili tupige picha. Mimi siku ile sikuwa napikia wakwe, nilikuwa napikia sifa. Ningekuwa napikia watu, ningejaribu mara moja kabla, nikala na wanangu, nikajua. Chakula usichowahi kupika hakiendi mezani kwa wakwe mara ya kwanza. Mdogo wangu unayesoma hapa, sikia: wiki moja kabla, upike, uutupe ikibidi. Usingoje Idi ikufundishe.

Jumapili ya juzi walikuja tena. Nilipika minne, awamu mbili. Mama mkwe alikula kipande, akachukua cha pili bila kuuliza, na wakati wa kuondoka akaniita jikoni, akaniambia nimfungie kipande cha tatu kwenye foili, "cha kesho asubuhi, mwanangu." Wifi alikula vipande vitatu. Nilihesabu. Akafuta mdomo akasema, "Safari hii umejitahidi wifi, chumvi tu imepungua."

Chumvi haikupungua.

Kwa hiyo dada, leo ni Jumatano. Una siku tatu. Kanunue robo kilo tu, pika mkate mmoja kesho jioni, halafu nitumie picha. Nataka ya kipande kilichokatwa katikati, taa ikiwaka. Ya mkate mzima na majani yake ya giligilani usinitumie, hata wa kwangu wa Idi Pili ulipendeza pichani.