Maswali ya wasomaji: Tairi zima, upepo unapungua

Barua nyingi za mwezi huu zinalalamikia tairi, lakini tukizisoma vizuri tunaona tairi nyingi hazina kosa. Kinachovuja ni valvu, kisindano chake au kichwa cha paipu ya kujazia. Tumechagua tano.

Nina Noah. Tairi la nyuma kulia linashuka kutoka psi 33 hadi 25 kila baada ya siku tatu. Mafundi pancha wawili wamelitumbukiza kwenye beseni hawakuona tundu, na tairi bado jipya. Nifanyeje? (Tabata)

Ndugu yetu, kama tairi ni jipya, tunakuuliza: na valvu ilibadilishwa? Mara nyingi tairi jipya hufungwa juu ya valvu ileile ya zamani, mpira wake umeshapigwa jua miaka kadhaa. Ndani ya beseni valvu imesimama wima na nyufa zake zimejifunga. Ukiwa barabarani gurudumu linapozunguka, valvu inavutwa kuelekea nje, nyufa zinafunguka, upepo unatoka.

Jaza tairi mpaka 33, toa kifuniko, koroga sabuni ya kuoshea vyombo na maji kidogo upate povu zito. Paka kwanza kwenye mdomo wa valvu. Povu likivimba hapo, tatizo ni kisindano cha ndani, kile chenye springi. Kinafunguliwa kwa kifaa chenye mdomo uliopasuka katikati. Kitoe, safisha mahali kinapokaa, weka kipya. Kaza kwa nguvu ya vidole viwili tu. Ukikaza zaidi unakata kijimpira chake na kitavuja tena.

Mdomo ukiwa salama, paka povu kwenye shina, pale valvu inapoingia kwenye rimu, kisha iinamishe kwa kidole pande zote nne, taratibu. Hatua hii ndiyo inayorukwa. Ukiona mapovu madogo yanatoka upande mmoja tu wakati umeinamisha, umempata mwizi wako. Kama hapo pia hakuna kitu, paka povu kuzunguka ukingo wa rimu. Kutu, au rangi iliyobanduka kwenye spoti rimu, huacha upenyo pale tairi linapokalia.

Kununua valvu mpya: magari madogo mengi yana tundu la rimu la milimita 11.3, na valvu yake ya mpira ni TR413. TR414 ni ndefu zaidi, inafaa pale kava la gurudumu linapoificha ile fupi. Usichukue ndefu bila sababu, kwa kuwa valvu inayochomoza sana hugonga mawe na kingo za barabara. Kabla ya kulipa, ikunje kwa vidole mpaka ikaribie kujipinda kabisa, utazame mpira kwa karibu. Ukiona mistari midogo kama ya udongo mkavu, irudishe, hata kama muuzaji anakuapia kwamba imeingia jana. Wakati wa kuivuta ndani ya rimu ilainishwe kwa maji ya sabuni, si kwa grisi wala oili, maana mafuta hulegeza mpira na kuuharibu.

Hiace yangu inabeba mizigo kwenda Kibaha na nyuma najaza psi 60 na zaidi. Valvu za mpira zinanitia wasiwasi. Je, zinafaa? (Mbezi)

Wasiwasi wako ni wa haki. Valvu ya kawaida ya mpira imetengenezwa kwa kikomo cha psi 65, upepo ukipimwa tairi likiwa baridi. Wewe unatembea karibu na ukingo. Weka valvu za chuma zinazofungwa kwa nati na washa ya mpira kwenye rimu, ambazo huhimili hadi psi 200. Mpe fundi vipimo vya tundu lako, 11.3 au 15.7, kwa sababu washa isiyolingana itavuja hata nati ikikazwa namna gani. Halafu soma ubavuni mwa tairi ujue linaruhusu psi ngapi, kwani valvu imara haiongezi uwezo wa tairi.

Shikamooni. Nimefungua kijiwe cha pancha. Kichwa cha kujazia upepo hakimalizi miezi miwili, na paipu inavuja kwenye maungio. Ninunue cha aina gani? (Mbagala)

Marahaba, na hongera kwa kazi. Kabla ya kununua, fungua kichwa ulichonacho. Ndani kuna kipande cha mpira chenye tundu katikati, kidogo kama kifungo cha shati. Hicho ndicho kinachochakaa, na mara nyingi ukikibadilisha hicho tu kichwa kinarudi kazini. Kikiwa kizima lakini hesi za kichwa, ile mistari ya kukazia, zimeliwa, basi ni kutupa.

Ukinunua kipya, tafuta cha shaba ya njano. Vingi vinavyong'aa ni vya madini ya zinki yaliyopakwa kromu. Hesi zake hukatika haraka. Sumaku haitakusaidia hapa, haishiki shaba wala zinki. Kwaruza kwa ncha ya msumari sehemu isiyoonekana. Ukiona njano ni shaba, ukiona kijivu ni zinki.

Kuna vichwa vinavyojifunga na vilivyo wazi. Kwa kompresa yenye tangi chukua kinachojifunga, ambacho hutoa upepo pale tu kinapobanwa kwenye valvu. Kilicho wazi kitapuliza mchana kutwa na kuchosha mota. Kilicho wazi ni cha pampu ndogo ya kuchomeka kwenye gari. Ukiiwekea pampu hiyo kinachojifunga, kisipokaa sawasawa sindano ya geji itaruka juu na tairi halijapata kitu.

Sasa maungio. Robo inchi zipo za aina mbili sokoni. Moja ina hesi 19 kwa inchi, nyingine 18. Zinaingiana mizunguko miwili mitatu halafu zinakaza, mtu anadhani zimekubali, kumbe zimevukana na zitavuja siku zote. Nenda dukani na kipande chako cha zamani, ukizungushe kwa mkono. Kiingie kwa ulaini bila spana. Tepu nyeupe ya mafundi bomba ifungwe mizunguko mitatu au minne kufuata upande wa kukazia, na hesi ya kwanza iachwe wazi ili vipande vya tepu visiingie ndani. Paipu ifungwe kwa bendi ya chuma, si kwa kipande cha tyubu.

Kuna jambo ambalo hukuuliza, nalo linatuuma. Mwaga maji ya tangi kila siku. Hewa ya Dar ina unyevu mwingi, ukiibana maji yanabaki chini ya tangi na kufanya kutu. Fungua koki ya chini jioni uone yanavyotoka, mekundu kama chai. Chembe za kutu hiyo zinasafiri kwenye paipu na kukwama kwenye kisindano cha valvu ya mteja, naye anaondoka na tairi linalovuja ambalo ulimjazia vizuri. Ukiongeza kichujio cha maji, kifunge mita kadhaa mbali na kompresa, maana upepo ukiwa bado wa moto maji yake hayajajitenga.

Geji pia. Chukua ambayo kipimo chako kinaangukia katikati. Ya hadi 60 inatosha magari madogo. Vibandiko vya mlangoni vya magari ya Kijapani huandika kPa, kipimo kingine cha upepo, na kPa 220 ni sawa na psi 32.

Tyubu ya bodaboda yangu inachanika pale kwenye shina la valvu, mara ya tatu sasa. Tyubu mbovu? (Gongo la Mboto)

Angalia valvu imeinama? Kama imeinama, tyubu inazunguka ndani ya tairi, na sababu kubwa ni kutembea na upepo mdogo. Nati ya valvu ikiwa imekazwa kwenye rimu, shina halina pa kwenda, linachanika. Jaza upepo unaotakiwa, kisha nati ilegee, ukipenda ipandishe mpaka karibu na kifuniko. Valvu ikianza kuinama, toa upepo, rudisha tairi mahali pake, jaza upya.

Vifuniko vya chuma vya valvu zangu havifunguki kabisa. Naishi Kigamboni. (Kigamboni)

Dada, ni chumvi ya bahari. Shaba ikikaa juu ya alumini penye chumvi, alumini inaliwa na kifuniko kinagandana na shina. Usibane kwa plaizi ukiwa barabarani, shina likikatika tairi linaisha upepo palepale. Fanya gereji, na valvu ya akiba iwe mkononi. Baadaye tumia vifuniko vya plastiki vyenye kijimpira ndani. Kama valvu zako za alumini zina vifaa vya kupimia upepo, kisindano chake kiwe kile kilichopakwa nikeli, kwani cha shaba tupu nacho kitagandia humo humo.