Eti kwenye sistimu haionekani kama nimewahi kulalamika

SWALI: Dada habari za kazi. Nililipia intaneti ya nyumbani ya mwezi, wiki ya kwanza tu rauta ikaanza kuwaka taa nyekundu mpaka leo. Nikipiga kastama kea kila siku napokelewa na mtu mwingine, naanza kueleza upya, naambiwa "tunalifanyia kazi". Juzi nikaambiwa kwenye sistimu hakuna lalamiko langu lolote, nilipie mwezi mpya. Nifanyeje?
Msomaji, Tabata, Dar

JIBU: Pole sana mdogo wangu. Hapo kwenye "hakuna lalamiko" ndo watu wengi wanapoachia hela yao, na inaniuma kwa sababu simu wao wanarekodi, wanakwambia kabisa mwanzoni, ila wewe mkononi huna kitu. Usilipe kwanza.

Leo hii ingia kwenye orodha ya simu ulizopiga uzipige skrinshoti kabla hazijajifuta, tarehe na dakika zionekane, halafu tafuta ile meseji ya muamala uliolipia, hiyo usiifute hata simu ikijaa. Kisha waandikie imeili, fupi tu: "Tarehe fulani saa nne asubuhi niliongea na fulani, akaahidi fundi atakuja Jumamosi, hakuja. Naomba namba ya lalamiko langu." Na useme wazi unachotaka, siku zako zifidiwe au hela irudi, maana ukiishia kulalamika tu watakujibu pole.

Kuanzia sasa usikate simu kabla hujapewa jina la unayeongea naye na namba ya lalamiko, ukikata tu hapohapo watumie ujumbe wa kurudia mlichokubaliana. Hili nalisisitiza kuliko yote, maneno ya simuni yanakuwa maandishi na wao wameyapokea.

Skrinshoti usizikate kate, na meseji zenyewe ziache kwenye simu. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu meseji na imeili kuwa ushahidi, ila uzito wake unategemea pia zimetunzwaje. Kama mnachati WhatsApp angalia meseji za kujifuta hazijawashwa, chati yote jitumie kwenye imeili yako.

Wakiendelea kukuzungusha nenda TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, wanapokea malalamiko ya mawasiliano, ila watataka kujua kwanza kampuni ulishaiambia na ikakujibu nini, basi unaambatanisha hivyo vyote kwa mpangilio wa tarehe.