Je, ruzuku inanata kweli, au ni tarakimu tu?

Swali: Ninaandika tasnifu ya uzamili kuhusu ruzuku za serikali kuu kwa halmashauri. Regresheni (hesabu ya kitakwimu ya jinsi vitu vinavyohusiana) inaonyesha kila 100 ya ruzuku huongeza matumizi ya halmashauri kwa 85, ilhali kila 100 ya kipato cha wakazi huyaongeza kwa 6 tu. Naweza kusema nimethibitisha "athari ya gundi ya nzi", yaani fedha hunata zinapotua?

Jibu: Bado. Anza na aina ya ruzuku. Nadharia inayodai ruzuku na kipato cha wakazi viwe na athari sawa inahusu fedha zinazotolewa kwa mkupuo, bila masharti. Ile inayotolewa kadiri halmashauri inavyochangia fedha zake hushusha gharama ya huduma, kwa hiyo matumizi kupanda si ajabu. Zitenganishe.

Kinachonitia shaka zaidi ni jinsi ruzuku ilivyogawiwa. Wakazi wenye kiu ya barabara huchagua wabunge wanaopigania fedha za barabara, na wangezijenga hata bila ruzuku. Mwaka 2002 mwanauchumi Brian Knight alichambua ruzuku za barabara kuu Marekani. Alipozingatia nguvu ya wabunge katika ugawaji, athari ilikaribia kufutika: majimbo yalipokea huku yakipunguza fedha zao wenyewe.

Tafuta basi kanuni ya ugawaji yenye ngazi. Nchini Brazili, mgao wa manispaa huruka idadi ya watu inapovuka viwango maalumu, cha kwanza kikiwa baada ya watu 10,188. Manispaa iliyo chini kidogo ya kiwango inafanana sana na iliyo juu kidogo, isipokuwa kwa mgao. Kagua tu kama idadi ya watu haijapikwa (wanasiasa nao wanazijua hizo ngazi). Chora mgawanyo wake. Halmashauri zikisongamana juu tu ya mstari na chini yake pawe na pengo, achana na njia hiyo.

Usije ukadhani gundi ni hadithi. Nchini Uswidi, watafiti walitumia kanuni inayozipa fedha manispaa zinazopoteza wakazi, wakakuta matumizi yalipanda na kodi hazikushuka.

Kama kanuni ya kwenu haina ngazi, linganisha kila halmashauri na yenyewe mwaka hadi mwaka. Hiyo huondoa tofauti za kudumu, lakini mbunge aliyepata nguvu mwaka jana bado atakuharibia makadirio. Kwa hiyo, kwenye sura ya matokeo andika "uhusiano" kila ulipoandika "athari".