Maswali ya Wasomaji: Nyumba, Kisima na Bustani Kabla ya Baridi ya Juni

Mvua imekatika, na anayeamka saa kumi na moja alfajiri Lubumbashi ameshaanza kutafuta sweta. Mji wetu uko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Juni na Julai usiku hushuka hata chini ya nyuzi 10, ilhali mchana jua linawaka vizuri. Barua nyingi za mwezi huu zinauliza nini kifanyike Mei hii, udongo ungali laini na upepo wa kusini-mashariki haujakaza.

Swali: Nalala na wajukuu watatu katika chumba kimoja. Mwaka jana nilikuwa naingiza babula (jiko la mkaa) usiku, na pembeni naweka sufuria ya maji ili makala, yaani makaa, yasitudhuru. Binti yangu anasema niache. Sasa watoto wataota moto wapi? (Mama, Katuba)

Jibu: Mama, binti yako anasema kweli, na tunakuomba umsikie kabla ya usiku wa kwanza wa baridi.

Makala yakishakuwa mekundu hayatoi moshi tena, na hapo ndipo watu wanapoyaamini. Lakini yanaendelea kutoa gesi iitwayo monoksidi ya kaboni, ambayo haina harufu wala rangi na haiwashi macho. Ukiivuta, inashikamana na damu kwa nguvu inayopita ya oksijeni zaidi ya mara 200, basi damu inazunguka mwilini bila kubeba hewa. Aliyelala hashtuki. Anazidi kuzama katika usingizi. Babula lililofunikwa majivu ili lidumu hadi asubuhi ni baya zaidi, kwa sababu makala yanayokosa hewa hayaungui kikamilifu, na gesi hiyo inaongezeka. Sufuria ya maji haisaidii kitu: gesi hii karibu haiyeyuki majini. Maji yanaongeza unyevu tu. Hata kufungua dirisha kidogo hakutoshi, kwa kuwa majira haya ndiyo tunayoziba kila tundu kwa matambara.

Kama lazima muote moto, washeni babula nje, mngoje makala yote yawe mekundu, ndipo muliingize sebuleni, mlango ukiwa wazi na dirisha la upande wa pili pia. Kaeni macho wote. Kabla ya kulala litolewe nje kabisa, lisiachwe barazani chini ya dirisha la chumba. Chumba cha kulala lisiingie hata kidogo.

Joto la usiku litafuteni kwenye jua la mchana. Fungueni madirisha kuanzia saa nne asubuhi, mfunge saa kumi jioni, kuta zingali na moto. Ukuta wa matofali ya kuchoma unatunza joto hilo kwa saa nyingi. Na kwa kuwa Juni jua linapita upande wa kaskazini, chumba chenye ukuta unaotazama kaskazini ndicho chenye joto kuliko vyote. Kama unacho, walaze watoto humo. Chini ya godoro lililo sakafuni tandika katoni mbili au tatu zilizokunjuliwa, kisha mkeka. Sakafu ya simenti inanyonya joto la mwili kuliko hewa inavyofanya, na blanketi la juu haliwezi kulizuia.

Chupa ya maji ya moto nayo inasaidia. Chupa nyembamba za plastiki hulegea zikijazwa maji yaliyochemka, basi changanya nusu ya kuchemka na nusu ya baridi, utapata karibu nyuzi 57. Kaza kifuniko, igeuze uone kama inavuja, ifunge kwa taulo na kuiweka miguuni. Usiiweke kando ya mtoto mchanga, ngozi yake inaungua upesi.

Mtu akiamka na kichwa kinachogonga, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu isiyo na nguvu, na wengine chumbani wanalalamika vilevile, msidhani ni malaria na kurudi kulala. Tokeni wote nje hapohapo, na mumpeleke hospitali hata akisema amepata nafuu.

Swali: Asubuhi maji yanadondoka kutoka kwenye mabati, na hakuna mvua tangu Aprili. Fundi ametafuta tundu, hakuliona. (Dada, Kampemba)

Jibu: Tundu halipo. Usiku usio na mawingu bati linatoa joto lake kuelekea angani mpaka linakuwa baridi kuliko hewa inayolizunguka. Pumzi za waliolala, mvuke wa jikoni na nguo mbichi zilizoanikwa ndani vinapanda, vinagusa bati, vinageuka maji. Kupaka lami kwenye misumari hakutabadilisha kitu.

Dawa ni dari. Tripleksi (plaiwudi) ni nzuri, na mkeka uliokazwa vizuri kwenye mbao unafaa pia. Acha angalau sentimita 20 kati ya dari na bati, na kila upande wa kipeo cha ukuta acha tundu la kupitisha hewa lenye wavu wa kuzuia panya. Kama mwaka huu fedha ya dari haijapatikana, anza na nafasi iliyo kati ya ukuta na mabati: ziba upande wa kusini-mashariki upepo unakoingilia, acha upande wa pili wazi. Ukiziba pande zote mbili maji yataongezeka, na godoro litaota ukungu.

Swali: Bustani yangu iko bondeni, karibu na mto Kafubu. Kila Julai majani ya nyanya yanakuwa kama yamemwagiwa maji ya moto. Jirani aliye juu kidogo hapati shida hiyo, na tunanunua mbegu mahali pamoja. Ni ugonjwa gani? (Papa mkulima, komini Annexe)

Jibu: Papa, si ugonjwa, ni jalidi. Hewa ya baridi ni nzito. Usiku mkavu usio na upepo inateremka polepole kama maji na kutuama bondeni. Jirani yako amepanda juu ya bwawa hilo la baridi, wewe umepanda ndani yake. Maji yaliyo ndani ya jani yanaganda, chembe zake zinapasuka, na jua likichomoza jani linakuwa jeusi na kulegea. Tazama kama kuna ua, kichaka kizito au ukuta upande wa chini wa bustani yako. Kama upo, unaizuia hewa isiendelee kuteremka. Kufungua mwanya wa mita moja au mbili upande wa chini kunaweza kukusaidia kuliko dawa yoyote ya dukani.

Lakini jambo kubwa ni kalenda. Nyanya haifai kuwa mche mdogo Juni. Usiku ukishuka chini ya nyuzi 13 hivi, chavua yake inaharibika na maua yanapukutika bila kushika. Udongo ukiwa baridi mizizi nayo inashindwa kuchukua fosforasi, na majani yanapata rangi ya zambarau kwa chini. Wengi wakiiona rangi hiyo hukimbilia kuongeza mbolea, wakati kinachokosekana ni joto. Ziacheni nyanya za bondeni mpaka mwisho wa Juni, mzisie kitaluni kwenye ukuta unaotazama kaskazini, muhamishe miche Agosti. Lengalenga (mchicha) nayo ni mmea wa joto: ikisiwa Juni inachelewa kuota, ikiota inadumaa. Kabichi, karoti, vitunguu na saladi ndizo zinazopenda miezi hii, na bonde lenye maji ni mahali pake hasa.

Kwa miche ambayo imeshapandwa, jenga kichanja cha fito cha sentimita 50 juu ya tuta, ukifunike kwa nyasi au magunia saa kumi na nusu jioni, kabla jua halijazama, ili joto la ardhi libaki chini yake. Funua saa mbili asubuhi. Plastiki ukiitumia isiguse majani, kwani jani lililoguswa ndilo linaloungua kwanza.

Hapa kuna jambo linalowachanganya hata wakulima wazoefu. Nyasi zilizotandazwa kwenye tuta zinaokoa maji sana, na tunazipendekeza kwa mji wote. Ila bondeni, usiku wa jalidi, zinazuia joto la ardhi lisiwafikie majani, na mimea iliyo juu yake inaungua zaidi ya ile iliyo kwenye udongo mtupu. Basi Juni na Julai zisogezeni kando ya mistari, ardhi iliyo chini ya mimea ipate jua mchana. Mmwagilie kabla ya saa nane mchana, kwa sababu udongo wenye unyevu unatunza joto kuliko mkavu. Kuanzia Agosti nyasi zirudi zote, tena nene, sentimita 5 hadi 8.

Kiasi cha maji: tuta la mita 1 kwa 10 linahitaji lita 40 hadi 50 kwa siku, yaani bidoni mbili za lita 20 na kidogo juu yake. Septemba na Oktoba, joto likipanda, hesabuni lita 60. Na matuta yaliyoinuliwa wakati wa mvua sasa yashushwe, yawe chini ya njia kwa sentimita 5 au 10, maji yasikimbie.

Mgomba ulioungua msiukate majani mpaka Agosti. Yale makavu yanaukinga moyo wake.

Swali: Tunaishi kaskazini-magharibi ya bomba la moshi la kiwanda. Mboga zinakuwa za manjano na mizizi ni mifupi. Tuongeze mbolea gani? (Msomaji)

Jibu: Kabla ya mbolea, lazima mjue udongo wenu umebeba nini. Shaba imeyeyushwa Lubumbashi tangu mwaka 1911, na upepo wa kusini-mashariki, huuhuu wa kiangazi, ulisukuma moshi wake upande wenu kwa miaka mingi. Shaba, risasi, kadimiamu na kobalti vilianguka na vimebaki kwenye udongo wa juu. Shaba ikizidi inaunguza mizizi, ndiyo maana mnaiona mifupi na yenye rangi ya kahawia.

Chokaa na mboji haviondoi metali hizo. Vinazishika tu zisipande kwa urahisi kwenye mmea, kwa hiyo ni kazi ya kurudia. Kwa mboga za majani, ambazo zinakusanya metali nyingi kuliko mboga za matunda, tunashauri mjenge kitanda cha matofali chenye kina cha sentimita 30 na kukijaza udongo kutoka mbali: sehemu mbili za udongo wa kichuguu na sehemu moja ya mboji iliyoiva. Udongo wa vichuguu vyetu vikubwa mara nyingi una chokaa ya asili. Uchukueni kwenye kichuguu kilicho nje ya upande wa moshi, maana kile cha jirani kimeangukiwa vumbi lilelile.

Kiangazi vumbi linatua juu ya majani kila siku. Osheni mboga kwa maji matatu, na majani ya nje ya kabichi myatupe. Watoto wanaocheza chini wanawe mikono kabla ya kula, kwa sababu risasi huingia mwilini mwao zaidi kwa njia hiyo.

Swali: Kisima chetu hukauka Oktoba. Tukichimbe zaidi sasa? (Ndugu, Ruashi)

Jibu: Msichimbe sasa. Maji bado yako juu, fundi atachimba akiwa ndani ya maji na ataacha kabla ya wakati. Ngojeni Septemba au Oktoba, yakiwa chini kabisa. Mita moja na nusu iliyoongezwa hapo ina thamani kuliko tatu za Mei. Kwa sasa pimeni kila wiki mbili kwa kamba na jiwe, mwandike tarehe, mjue kinashuka kwa kasi gani.

Injini ya petroli ya kuvuta maji isishushwe kisimani kamwe. Moshi wake ni gesi ileile tuliyomweleza Mama wa Katuba, na anayeshuka kumwokoa mwenzake huanguka naye. Fundi afungwe kamba kifuani, na juu wabaki watu wawili.

Mkimaliza kusafisha, wekeni klorini ya unga ya asilimia 65 hadi 70. Kisima chenye upana wa mita 1 kina karibu lita 785 katika kila mita ya maji, na hizo zinahitaji gramu 60. Iyeyusheni kwanza kwenye ndoo, mwage, mngoje kwa muda wa saa 12, kisha mvute maji mpaka harufu iishe. Maji hayo ya kwanza msimwagilie mboga.

Swali: Lipu tuliyopaka Julai ilipasuka yote. Simenti ilikuwa mbovu? (Papa, komini Kenya ya Lubumbashi)

Jibu: Huenda ilikuwa nzima. Hewa kavu na upepo viliinyang'anya maji kabla haijashika. Lowesheni ukuta jioni ya kuamkia kazi, mchanganye ndoo 1 ya simenti kwa 4 za mchanga, na upande wa jua mpake asubuhi mapema. Kisha mnyunyizie maji asubuhi na jioni kwa siku 7, magunia mabichi yakiwa yameufunika ukuta saa za mchana.

Swali: Mwembe wangu niumwagilie maji kiangazi hiki? (Dada, Kamalondo)

Jibu: Kama ni mkubwa, hapana. Ukavu na baridi ya Juni ndivyo vinavyouamsha utoe maua, na ukiupa maji mengi sasa utatoa majani matupu. Anza kuumwagilia ukishaona matunda madogo kama punje za mahindi.